Pikapu Iliyokunywa Nyumba

Mpira ulikatwa mchana, mama mtoto akiwa anafua. Alikuwa ameinama juu ya karai ubavuni mwa nyumba, povu limempanda hadi viwikoni, mtoto amelala mgongoni, na maji yanakuja taratibu kwa mpira kutoka kwenye pipa lililokaa juu ya matofali. Mumewe aliingia uani bila hodi, kisu mkononi. Akaupima mpira kwa mkono wake, kiganja mpaka bega, kiganja mpaka bega, akaukunja, akaukata. Maji yakamrukia mkewe miguuni.

"Ningekuwa naosha nywele si ungekata na shingo," mama mtoto alisema.

"Nimechukua nusu tu. Nusu nimekuachia."

"Hiyo nusu inafika wapi? Au nipandishe karai juu ya pipa?"

"Sogeza karai."

Mama yake mume, ambaye mtaa mzima ulimwita Bibi, alikuwa amekaa kizingitini akichambua maharage.

"Mwache, mwanangu," alimwambia mkwewe. "Baba yake alikuwa hivyo hivyo. Mlango ukikosa komeo, anang'oa mguu wa kitanda."

"Na kitanda je?"

"Kitanda tulikilalia kikiwa kimeinama. Wewe hujaona kichwa cha mumeo kilivyolalia upande? Unadhani aliumbwa kwenye kitanda kilichonyooka?"

Mama mtoto akacheka mpaka mtoto akaamka. Mwenye kichwa cha upande akaukunja mpira wake na kuondoka, kwa sababu gereji walikuwa wanamsubiri.

Huyu mtu waliyekuwa wakimcheka aliitwa Gia Moja. Jina hilo alipewa na vibarua wa machimbo, maana pikapu aliyoiendesha ilipanda mlima kwa gia ya kwanza tu, tena kwa kuombewa. Chini kulikuwa na machimbo ya kokoto. Juu kulikuwa na nyumba mpya za watu wenye nafasi zao. Katikati palikuwa na mlima uliopinda kama kiwiko. Kazi ya Gia Moja ilikuwa kuchukua mzigo chini na kuufikisha juu. Pikapu ilikuwa na turbo, na turbo yenyewe ilikuwa nzima, inapiga mluzi kama kijana aliyenyoa. Lakini ikifika kwenye kiwiko injini ilikata pumzi, ikatetemeka, na vibarua wakashuka kusukuma huku wakimtukana dereva kwa mapenzi.

Fundi alikuwa ameshaeleza ubaya uko wapi.

"Turbo inaleta upepo wa kutosha," alisema. "Mafuta ndiyo hayafiki. Ni kama unapuliza jiko lisilo na mkaa. Utapuliza mpaka mashavu yapasuke."

Akataka pampu kubwa kuliko ile iliyokuwepo, nozeli zenye matundu mapana, filta mpya, na mpira mnene wa kutoka kwenye tangi kuja kwenye pampu, kwa sababu ule wa zamani ulikuwa mwembamba na umesinyaa kama utumbo wa kuku.

Tajiri, mwenye pikapu na mwenye machimbo, alinunua pampu, nozeli na filta. Mpira hakununua. "Mpira nao ni kitu cha kununua?" aliuliza. "Mpira uko kila nyumba." Halafu akasema kwamba gari lisipopanda Jumamosi na mzigo maradufu, yeye atatafuta dereva anayejua gia nyingine. Hakusema kwa hasira. Tajiri hakuwa mtu wa hasira. Alisema kama mtu anayesema kesho kuna jua.

Fundi aliupokea mpira, akaunusa.

"Huu wa maji."

"Wa maji ndio nilio nao."

"Dizeli itaulegeza."

"Utalegea Tajiri akiwa ameshanunua wa kwake."

Fundi alicheka, kwa sababu alimjua Tajiri, akaufunga upande wa tangi kwa klipu. Sasa, katika gereji zote, mpira wa mafuta ukishafungwa upande mmoja lazima unyonywe kwa mdomo upande wa pili, mpaka mafuta yafike ulimini, ndipo mtu ateme na mpira uingizwe kwenye pampu upesi ili upepo usibaki ndani. Na anayenyonya ni aliyeleta mpira. Gia Moja alipiga magoti chini ya boneti, akanyonya. Alinyonya sana, mashavu yakaingia ndani. Kilichomfika mdomoni hakikuwa dizeli. Kilikuwa maji ya uvuguvugu yenye ladha ya sabuni.

"Yamefika?" fundi aliuliza.

Gia Moja aliijua ladha ile. Ilikuwa ya pipa lake. Lakini Jumamosi ilikuwa kesho yake, na fundi alikuwa hajala.

"Yamefika," alijibu.

"Tema."

Akatema. Fundi akakaza klipu ya pili.

Jumamosi pikapu ilipanda na kokoto maradufu, kwa gia ya pili, kiwiko ikakipita bila hata kukohoa. Vibarua waliokuwa wamekaa juu ya mzigo walipiga kelele kama wako harusini. Tajiri, aliyekuwa amesimama chini mikono kifuani, aliitikia kwa kichwa mara moja. Wiki iliyofuata ikawa hivyo hivyo, na ikaonekana jambo la pili: mshale wa mafuta haukushuka. Tajiri alimwita fundi aangalie. Fundi alifungua bomba linalorudisha mafuta yaliyobaki, akachovya kidole, akalamba.

"Linanyonya kwa dereva," alisema.

"Kwa dereva wapi?"

"Nyumbani kwake. Mpira ni ule ule mmoja. Nusu iko huku, nusu iko kule kwenye pipa."

Tajiri alilitazama tangi.

"Tangi langu haliguswi?"

"Haliguswi."

"Basi funga. Usije ukaingiza upepo."

Kule nyumbani, mama mtoto alianza kwa kugombana na pipa. Alilijaza alfajiri, na gari lilipofika kwenye kiwiko pipa lilikuwa tupu, na chini yake hapakuwa na unyevu wowote. Akaliziba kwa lami. Likakauka na lami yake. Kisha birika likakauka likiwa limefunikwa. Kisha sufuria ya maharage ikakauka jikoni bila kuungua, maharage yakiwa yamebaki makavu na safi kama yametoka gunia. Nguo zilikauka kabla hazijakamuliwa, na hilo, kusema kweli, mwanzoni lilimfurahisha. Halafu winda za mtoto nazo zikawa kavu. Halafu siku moja mchana alimweka mtoto ziwani, mtoto akavuta, akaachia, akavuta tena, akalia. Alilia kwa sauti kubwa na macho makavu.

Jioni gari lilipozimwa maziwa yalirudi kidogo. Mama mtoto akamngojea mumewe mlangoni.

"Mtoto hajakojoa tangu asubuhi."

"Labda anakua."

"Anakua kwa kukauka? Yeye ni samaki?"

Gia Moja aliketi akavua viatu. Shati lake lilikuwa limelowa jasho mgongo mzima, naye ndiye aliyekuwa kitu pekee kibichi katika nyumba ile, kwa sababu mchana kutwa hakuwemo ndani. Akaeleza habari ya mpira. Akaeleza na habari ya kunyonya. Bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Yaani ulionja ukajua ni maji ya kwetu," alisema, "ukatema kwa watu."

"Ningefanyaje, mama?"

"Ungemeza. Angalau ungerudi nayo nyumbani."

Kesho yake Gia Moja alimwendea Tajiri na kumwomba mpira wa dukani. Tajiri alimsikiliza vizuri, akamuuliza mtoto ana umri gani, akasema watoto wa umri huo wanasumbua. Kuhusu mpira alisema, "Ukiutoa huo, ujitoe na wewe." Akampa chupa ya maji ampelekee mtoto. Chupa iliingia nyumbani ikiwa na maji, na gari lilipopanda ikabaki na kifuniko na karatasi tu.

Basi wakaamua kuondoa nusu ya kwao. Mama mtoto aliuchomoa mpira kwenye pipa, akaenda kuutupa mtaroni, nyuma ya nyumba ya jirani yao mshonaji. Siku mbili walikunywa, walioga, walipika maharage yakaiva na mchuzi wake. Mtoto alikojoa mpaka Bibi akampigia makofi. Siku ya tatu mshonaji alibisha hodi. Alikuwa ameukunja mpira vizuri na kuufunga kwa kitambaa cha maua kilichobaki kwenye gauni la mtu.

"Jirani, huu wenu," alisema kwa sauti iliyokauka. "Nadhani ulinifikia kwa bahati mbaya."

"Tusamehe, jirani."

"Hakuna neno. Hata mate ya kulainishia uzi nimekosa, lakini hakuna neno. Ila kila mtu akae na wake." Alipofika njiani aligeuka. "Mchana mlete mtoto barazani kwangu. Barazani sina pipa."

Hawakumlaumu. Mpira wa namna ile lazima uwe kwa mtu, na mtu mwenyewe walikuwa wao.

Ni Bibi aliyepata wazo la kuupeleka kwa mwenye gari. Aliuzungusha mpira kiunoni ndani ya gauni, akajitazama kwenye kioo, akasema laiti angenenepa hivyo miaka arobaini nyuma angeolewa na mtu mwingine. Akaenda kwa Tajiri kumjulia hali mke wa Tajiri. Ilikuwa nyumba ya ghorofa yenye tangi kubwa juu ya mnara, na bustani iliyomwagiliwa hata mvua ikinyesha. Alipoonyeshwa choo cha nje, alipitia nyuma, akaukuta mfuniko wa kisima cha maji cha chini ya ardhi, akauchomeka mpira ndani mpaka ukazama. Alirudi nyumbani mwembamba, anaimba.

Mchana ule pikapu ilifika kwenye kiwiko ikiwa na kokoto, na ikazimika. Haikukohoa wala kutetemeka. Ilizimika kama taa. Gia Moja alikanyaga breki, lakini kokoto za maradufu zilikuwa na mawazo yao. Gari likarudi nyuma, likapinda, likagonga ukingo. Kibarua mmoja aliyekuwa amekaa juu ya mzigo, yule aliyekuwa akianzisha nyimbo, alianguka upande wa chini, na gurudumu likapita juu ya mguu wake.

Fundi alikuja na spana zake. Alichovya kidole kwenye bomba, akalamba, akakuta pakavu.

"Mmeupeleka wapi ule mwingine?" alimuuliza Gia Moja, polepole, wengine wasisikie.

"Mama ameupeleka kwa Tajiri."

"Ah. Kule maji yanaingia tu. Nimefanya kazi kwake nyumba nzima, hakuna bomba la kutoka."

Jioni mlinzi wa Tajiri alikuja hadi kizingitini. "Bibi," alisema, "umesahau mkanda wako." Akampa mpira. Nao ulikuwa mkavu, ingawa ulikuwa umelala majini mchana kutwa.

Mguu wa kibarua ulikatwa juu ya goti. Tajiri alimtumia pole na matunda, na asubuhi iliyofuata juu ya kokoto alikaa kibarua mwingine, asiyejua kuimba. Bibi alikwenda hospitali akakaa karibu na kitanda bila kufanya mzaha wowote. Aliporudi aliita watu wa nyumba yake.

"Mguu ule ni wa kwangu," alisema, akamgeukia mkwewe. "Mwanangu, chukua mtoto, mchana kaa barazani kwa jirani. Ndani nitabaki mimi."

"Tuache nyumba tupu, mama," mama mtoto alisema. "Tujaze pipa tuondoke wote."

Walijaribu hilo pia. Walijaza pipa, walijaza ndoo, walijaza hata viatu vya mvua, wakatoka wote. Pikapu ilifika kwenye kiwiko ikakohoa, ikarudi gia ya kwanza, Tajiri akawa amesimama pale pale mikono kifuani. Fundi alisema ndivyo zilivyo nozeli pana. Zikishazoea kitu kizito, maji matupu yanapita tu bila kuwaka. Jumamosi nyingine ilikuwa inakuja. Bibi akaingia ndani, akafunga mlango.

"Mimi maji yangu ni ya zamani," alisema kwa dirishani. "Yamekaa. Yana nguvu kuliko yenu."

Kuanzia hapo pikapu ilipanda vizuri. Mama mtoto alikaa barazani kwa mshonaji na mtoto wake, akimkatia nyuzi, na maziwa yakarudi. Bibi alikaa ndani kwenye mkeka, madumu yamepangwa pembeni yake, anakunywa kutwa kama bomba. Maji yalimpitia tu. Ngozi ya mikono ikawa kama karatasi ya kufungia sukari, sauti ikawa inakwaruza. Akawa mwepesi. Ilibidi mama mtoto amwekee tofali mapajani asubuhi, kwa sababu upepo wa mlangoni ulianza kumsogeza. Mzaha hakuuacha. Alisema akipungua zaidi kidogo watamtundika ukutani kama kalenda, na wasisahau kumfunua kila mwezi.

Jioni Gia Moja alipoingia, alikwenda kwanza kwa mama yake. Bibi aliweka viganja vyake viwili kwenye mgongo wa shati lililolowa, akavibana, kisha akajipaka jasho lile usoni na shingoni, polepole, kama mtu anayejipaka mafuta ya kwendea safari.

"Leo mlipanda na saruji," alisema.

"Umejuaje, mama?"

"Kokoto nazisikia mgongoni. Saruji naisikia magotini."

"Nitaacha kazi."

"Ukaendeshe nini? Karai?"

Hakuacha. Tajiri akaongeza mzigo kidogo, kwa sababu gari lilionyesha kwamba linaweza.

Bibi alipokufa, Gia Moja alikuwa wa kwanza kujua. Alikuwa katikati ya kiwiko na matofali nyuma, na injini ikalegea ghafla chini ya mguu wake, mluzi wa turbo ukawa mrefu na mtupu. Akarudi gia ya kwanza. Alipanda hivyo mpaka juu, akashusha matofali, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa amesimama pale na mafundi wake wanasubiri. Halafu akarudi nyumbani kumfumba macho mama yake. Hayakufumba vizuri. Yalikuwa makavu mno.

Watu walikuja wengi. Bibi alikuwa amechekesha mtaa mzima, na kila mtu alikuwa na neno alilowahi kuambiwa naye ambalo hawezi kulirudia mbele ya watoto. Walijaa vyumba vyote viwili mpaka uani. Ndani hakuna aliyeweza kulia. Wanawake walikunja nyuso, walipiga mayowe, na macho yakabaki makavu. Mshonaji alikaa mlangoni akiwaelekeza wageni.

"Kulia ni kule ng'ambo ya mtaro, jamani. Humu hamna. Nenda kalie, halafu urudi ukae na wafiwa."

Wakawa wanapokezana. Walitoka watatu watatu, wakavuka mtaro, wakalia, wakajifuta, wakarudi na kukuta nafasi zao zimewekwa. Hakuna aliyeona ni usumbufu. Kibarua wa mguu mmoja alikuja kwa magongo, naye akavuka mtaro, akakaa kule muda mrefu kuliko wote.

Makaburi yalikuwa juu, kupita nyumba mpya. Tajiri alitoa pikapu ibebe jeneza, na mwenyewe akakaa kiti cha mbele, amevaa suti nyeusi. Waombolezaji wengi walibaki nyumbani na mama mtoto, kwa kuwa mlima ni mrefu. Jeneza lilikuwa jepesi, ilibidi wabebaji walishikilie lisirukeruke. Na pikapu ilipanda siku ile kama haijawahi kupanda tangu itoke kiwandani. Gia ya pili ikawa ndogo, Gia Moja akaweka ya tatu, na kwenye kiwiko chenyewe gari lilikuwa bado linaomba nyingine. Kule nyumbani watu walianza kuomba maji, wakalala chini mmoja mmoja kwenye mikeka, wakidhani ni majonzi.

Tajiri aliegemeza sikio upande wa injini.

"Nyumbani kwako leo kuna watu wangapi?" aliuliza.

"Wengi, bosi. Sijahesabu."

"Nasikia," Tajiri alisema. "Nasikia kabisa."

Waombolezaji waliondoka. Mpira ukabaki, na kazi ikabaki. Sasa ndani ya nyumba mchana hapakuwa na mtu wa kukaa ila mama mtoto, na mtoto hakukubali kushikwa na mtu mwingine. Mshonaji alijaribu kukaa naye, mtoto akalia mpaka akazirai. Basi mama mtoto akarudi naye ndani. Midomo ya mtoto ilipasuka. Ngozi ya tumbo ikivutwa ilibaki imesimama. Utosi ulibonyea, ukawa kishimo ambacho kidole gumba kinaingia, na mama yake aliutazama kila gari lilipopanda.

"Leo nimeweka kidole changu hapa," alimwambia mumewe jioni. "Weka na chako."

Gia Moja aliweka. Kisha akavaa viatu tena, akaenda kwa Tajiri na kumpa ufunguo wa gari. Tajiri hakuupokea. Aliutazama tu ulivyolala kwenye kiganja cha dereva wake.

"Kaa," alisema. "Tatizo lako nimelifikiria tangu mazishini. Nyumba yako ina watu wachache. Ndilo tatizo. Kiwanja chako kina nafasi nyuma, nimekiona. Nitakujengea vyumba. Matofali yangu, saruji yangu. Weka wapangaji, kodi ule wewe, mimi sitaki hata senti."

Gia Moja aliketi. Ulikuwa msaada ambao hata baba yake mzazi hakuwahi kumpa.

"Nao niwaambie?" aliuliza.

"Uwaambie nini?"

"Habari ya maji."

"Waambie maji ni shida. Wapi maji si shida?"

Gia Moja akarudisha ufunguo mfukoni. Matofali ya vyumba aliyabeba mwenyewe, kwa pikapu ile ile, baada ya saa za kazi. Vibarua walikuja kusaidia kujenga, wakamwambia jina lake limepitwa na wakati, kuanzia sasa yeye ni Gia Tatu.  Mama mtoto alibaki ndani na mtoto, na ukuta ulipofika kwenye linta alitoka akachungulia. Bati lilipopigwa, alichukua fagio akafagia vyumba vyote, akapangusa madirisha kwa kitambaa kikavu, akaandika kwa chaki kwenye mlango wa uani kwamba vyumba vipo.

Wa kwanza kuja walikuwa mume na mke, mume na godoro kichwani, mke na mimba iliyokaribia. Mume alipima chumba kwa hatua, akabisha ukuta kwa vidole, akasema ukuta ni mzuri. Mke aliangalia dari, akaangalia uani, akaliona pipa na kipande cha mpira uliofika nusu ya njia.

"Dada, maji yapo?"

"Yapo," mama mtoto alisema. "Ila hayakai."

Mke akauliza kodi. Mama mtoto akamtajia. Mke akamtazama mumewe, mumewe akatua godoro.

"Tutazoea," alisema.

Wakahamia siku hiyo hiyo. Baada yao wakaja mwalimu mstaafu na dada yake, halafu vijana wanne wa kubeba mizigo sokoni, ambao walichukua chumba kimoja na kulala kwa zamu. Nao waliambiwa maji hayakai, nao wakasema hata walikotoka yalikuwa hayakai.

Jumatatu, gari lilipoanza mlima, mama mtoto alikaa kitandani amempakata mtoto, kidole chake kikiwa juu ya utosi. Alisikia mluzi ukipanda. Alisikia gia ya pili. Akangoja. Utosi haukubonyea. Mtoto alifungua mdomo akalia, na kwenye jicho la kushoto likajaa chozi, likateleza, likamwingia sikioni. Mama yake alilifuata kwa kidole, akalilamba kuhakikisha. Baada ya muda mfupi mapaja yake yakawa ya moto, na winda ilikuwa imelowa, imelowa kabisa, inachuruzika. Akaitoa, akainusa, akacheka peke yake. Akaenda uani kuianika bila kuifua, ili aione.

Mlango wa chumba kipya ulifunguliwa. Mpangaji mwenye mimba alitoka akishika ukuta, midomo imemkauka, kikombe mkononi.

"Dada yangu, nisaidie maji kidogo. Nilikuwa nayo ndani sasa hivi, sijui yamekwenda wapi."

Mama mtoto alichukua kikombe, akakijaza mpaka juu kutoka kwenye dumu alilokuwa ameliweka ng'ambo ya mtaro. Akampa kwa mikono miwili.

"Kunywa hapa hapa nje," alimwambia. "Usiingie nayo ndani. Kunywa upesi, dada, gari linaweka gia ya tatu."